Sura ya Tano: Mwezi wa Makadirio

Cheo na kalenda yake

Katika vyuo vikuu vya Tanzania, jina la profesa halipewi mtu anayeanza kazi. Nchini Marekani kijana aliyehitimu shahada ya uzamivu na kupata chuoni nafasi inayoelekea kwenye ajira ya kudumu huitwa profesa msaidizi tangu siku ya kwanza, ilhali Tanzania ngazi huanza na mkufunzi msaidizi mwenye shahada ya kwanza, hufuata mhadhiri msaidizi mwenye shahada ya umahiri, kisha mhadhiri mwenye uzamivu, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na, kileleni, profesa kamili. Mtu anayezungumziwa katika sura hii, yaani mwanahisabati aliyemaliza uzamivu miaka michache iliyopita na ambaye bado anajenga jina katika fani yake, kwa cheo ni mhadhiri, hata kama wanafunzi humwita profesa kwa heshima na jamaa zake kijijini humwita hivyo kwa fahari.

Mwezi uliochaguliwa hapa ni ule unaoanzia katikati ya Julai na kuishia katikati ya Agosti, na haukuchaguliwa kwa sababu ni mwezi wa kawaida, bali kwa sababu ndani yake shughuli tatu ambazo kwa miezi mingine hupishana hukutana kwa wakati mmoja. Mitihani ya mwisho wa mwaka wa masomo huwa imefanyika na vitabu vya majibu vinangoja kusahihishwa. Wanafunzi wa shahada za ualimu huwa wamesambazwa katika shule za mikoani kwa mazoezi ya kufundisha na wanahitaji kutembelewa. Na utafiti, ambao ndio unaompandisha mhadhiri cheo, hungoja zamu yake kama mgeni aliyefika wakati wenyeji wamekwenda shamba.

Kwa mtazamo wa kwanza shughuli hizo hazina uhusiano wowote isipokuwa kwamba zinamwangukia mtu mmoja. Hata hivyo, mtu akizitazama kwa jicho la fani yenyewe ataona kwamba zote ni tendo moja, yaani kukadiria, ambako maana yake ni kutoa kauli kuhusu kitu kizima baada ya kuona sehemu yake ndogo tu. Mkoa wa Geita, ambako mhadhiri huyu hupangiwa kwenda kuwatembelea wanafunzi wake, ni mahali pafaapo kulieleza jambo hili, kwa kuwa uchumi wake mkubwa umejengwa juu ya makadirio ya kile ambacho hakuna aliyekiona.

Vitabu vya majibu

Idara za hisabati hufundisha watu wengi kuliko wanafunzi wake wenyewe. Wahandisi, wachumi, wanajiolojia na walimu wa fizikia wote hupitia kwake ili wapate kalkulasi, yaani elimu ya mabadiliko na mjumuisho, au aljebra ya mistari, ambayo ni elimu ya kutatua milinganyo mingi kwa pamoja. Kwa sababu hiyo mhadhiri anayeanza, ambaye kwa desturi ndiye anayepewa madarasa ya mwaka wa kwanza, anaweza kujikuta na mamia ya vitabu vya majibu kutoka somo moja. Ikichukuliwa kwamba vitabu ni 350 na kila kimoja kinataka dakika 6, kazi hiyo inadai dakika 2,100, sawa na saa 35, kabla hajajumlisha alama, hajaziingiza kwenye mfumo wa kompyuta wa matokeo na hajazipeleka kwa mtahini wa nje, ambaye ni mwanataaluma wa chuo kingine anayekuja kuhakiki kwamba alama zimetolewa kwa haki.

Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kilianza mwaka 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970, utaratibu uliozoeleka ni kwamba alama 40 kati ya 100 hutokana na kazi za muhula na 60 hutokana na mtihani wa mwisho, na alama 40 ndiyo kizingiti cha kufaulu. Aliyepata 40 anaendelea na safari yake. Aliyepata 39 anarudia mtihani, jambo ambalo wanafunzi hulifupisha kwa neno moja, sapu. Tofauti ya alama moja hugeuka kuwa tofauti ya likizo nzima, na pengine ya mkopo wa masomo.

Mwanahisabati anajua zaidi ya mtu mwingine yeyote jinsi tofauti hiyo ilivyo nyembamba. Mtihani wa saa tatu hauwezi kuuliza yote yaliyofundishwa kwa wiki kumi na tano, hivyo maswali yake ni sampuli, yaani kipande kilichochotwa kuwakilisha kizima. Kama swali moja lingebadilishwa na jingine la mada ya jirani, wa 39 angeweza kuwa wa 43 na wa 41 akawa wa 37. Hiyo haina maana kwamba alama ni uongo. Maana yake ni kwamba kila alama huja na ukungu wake kuizunguka, na kwamba mifumo ya usimamizi, kwa kuwa haina mahali pa kuandika ukungu, huandika namba peke yake.

Kuelekea Geita

Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, na kutoka Mwanza kwenda Geita msafiri hupitia Usagara hadi Kigongo, ambako kwa miaka mingi magari yalipanga foleni kungoja kivuko cha kwenda Busisi. Tangu tarehe 19 Juni 2025 foleni hiyo imebaki historia, kwa kuwa daraja lenye urefu wa kilomita 3 limefunguliwa juu ya mkono wa Ziwa Victoria ulio kati ya Kigongo na Busisi na safari ya majini imekuwa ya dakika chache kwenye lami. Baada ya Sengerema, vilima vyenye miamba huanza kujitokeza, na msafiri anaingia katika mkoa ulioanzishwa rasmi mwaka 2012 ukiwa na wilaya za Geita, Chato, Bukombe, Mbogwe na Nyang'hwale.

Mhadhiri huingia huko na masurufu mkononi, yaani fedha za safari alizokabidhiwa na chuo kwa sharti la kuzitolea hesabu akirudi, pamoja na orodha ya shule zilizotawanyika kiasi kwamba siku moja anaweza kupanda mchomoko, gari dogo la abiria liendalo kasi, kuelekea Katoro, na kesho yake akamaliza kilomita za mwisho juu ya bodaboda katika barabara ya vumbi. Jioni, katika chumba cha nyumba ya wageni, vile vitabu vya majibu ambavyo havikukamilika hutolewa begini. Makala ya utafiti nayo imo humo humo, lakini kwa kawaida hurudi kama ilivyokwenda, kwa sababu uthibitisho wa kihisabati, ambao ni mlolongo wa hoja usioruhusu pengo hata moja, hauendi kwa nusu saa zilizookotwa. Saa nne zilizoshikana huzaa matunda. Saa nne zilizokatwa vipande vinane kwa simu, safari na umeme uliokatika huweza zisizae chochote, kwa sababu kila kipande humlazimu mtu aanze upya kukumbuka alipoishia.

Benchi la nyuma

Mazoezi ya kufundisha ni kipindi ambacho mwanafunzi wa shahada ya ualimu, anayeitwa mwalimu tarajali, anapewa darasa halisi la shule ya sekondari. Anayekuja kumpima hukaa benchi la nyuma akiwa na fomu. Kwanza hukagua azimio la kazi, ambalo ni mpango wa mada za muhula mzima, kisha andalio la somo, ambalo ni mpango wa kipindi kimoja, na baada ya hapo husikiliza kipindi cha dakika 40, au cha dakika 80 kama vipindi viwili vimeunganishwa.

Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, shule za serikali zimepokea wanafunzi wengi kuliko madawati, na katika maeneo ya machimbo, ambako watu huhamia kila habari ya dhahabu mpya inaposikika, idadi hiyo hupanda na kushuka kwa namna ambayo mpangaji wa shule hawezi kuitabiri. Walimu wa hisabati nao ni haba. Katika hali hiyo mwalimu tarajali mara nyingi hawi msaidizi wa mwalimu aliyepo, bali ndiye mwalimu wa hisabati wa mkondo mzima kwa wiki zile alizokaa.

Mfano wa somo linaloonekana mara nyingi ni lile la nadharia ya Pythagoras, inayosema kwamba katika pembetatu mraba, ukijumlisha vipeo vya pili vya pande mbili zinazofanya pembe mraba, unapata kipeo cha pili cha kiegama, yaani upande mrefu unaoikabili pembe hiyo. Mwanafunzi aliyeanza kuijua kwa Kiswahili shule ya msingi, pamoja na neno kiegama, hukutana nayo tena sekondari kwa Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya kufundishia tangu kidato cha kwanza, na inambidi ajifunze jina jipya la kitu kile kile huku nyumbani akizungumza Kisukuma. Mwalimu tarajali huchora pembetatu yenye pande 3 na 4, huandika kwamba 9 na 16 ni 25, hupata 5, kisha huuliza kama wote wameelewa. Darasa hujibu kwa sauti moja kwamba limeelewa.

Itikio hilo la pamoja ndilo sampuli mbaya kuliko zote. Wanafunzi themanini wakijibu kwa sauti moja, anayesikiliza hajapata majibu themanini bali jibu moja, na hilo ni la wale wenye sauti kubwa. Mtathmini makini hushusha macho kwenye daftari la aliyekaa karibu naye, na huko anaweza kukuta kwamba zoezi la pande 6 na 8 limejibiwa 14, kwa kuwa mwanafunzi amejumlisha pande zenyewe badala ya vipeo vyake. Daftari moja lililofunguliwa linaeleza zaidi ya itikio la darasa zima, na madaftari matano yaliyochukuliwa kutoka pembe tano tofauti za darasa yanaeleza zaidi ya matano ya dawati la mbele.

Jambo hili si dogo kwa taifa. Katika mtihani wa kidato cha nne, hisabati ndilo somo ambalo kwa miaka mingi limekuwa na ufaulu wa chini kabisa, kiasi kwamba mwaka 2022 ni takribani mtahiniwa mmoja kati ya watano aliyefaulu. Mhadhiri anayelalamika chuoni kwamba wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanakuja bila msingi huona chimbuko la lalamiko lake akiwa kwenye benchi hilo la nyuma, na pengine humwona mbele yake, mwenye chaki mkononi, mwanafunzi aliyemfundisha yeye mwenyewe mwaka uliopita.

Hesabu ya kilichofichika ardhini

Kilomita chache kutoka madarasa hayo, makadirio ya namna nyingine yanaendelea. Mgodi mkubwa wa kwanza wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na mgodi wa sasa, unaomilikiwa na kampuni ya AngloGold Ashanti, ulianza uzalishaji mwaka 2000. Katika mgodi wa aina hiyo hakuna anayechimba kwa kubahatisha. Mitambo hutoboa mashimo membamba kwenda chini, miamba iliyotoka hupelekwa maabara, na kila kipande hurudi na namba ya kiwango cha dhahabu, inayotajwa kwa gramu katika kila tani ya mwamba. Mashimo hayo kwa pamoja ni sehemu ndogo mno ya kilima, lakini kwa hayo ndiyo huamuliwa kama kilima kichimbwe au kiachwe.

Elimu inayofanya kazi hiyo huitwa jiostatistiki, yaani takwimu za vitu vilivyotawanyika mahali, na mizizi yake iko katika migodi ya dhahabu ya Afrika. Danie Krige, mhandisi wa migodi wa Afrika Kusini, alichapisha mwaka 1951 utafiti kuhusu migodi ya Witwatersrand, akionyesha kwamba maeneo yaliyokadiriwa kuwa tajiri sana kwa kawaida yalitoa dhahabu pungufu ya makadirio, na yaliyokadiriwa kuwa maskini yalitoa zaidi. Katika miaka ya 1960 Mfaransa Georges Matheron alilijengea wazo hilo msingi kamili wa kihisabati na kuipa njia hiyo jina la Krige, na ndiyo maana hadi leo wataalamu huiita kriging.

Wazo lenyewe linaeleweka bila milinganyo migumu. Ikiwa mashimo matatu yanazunguka mahali pasipotobolewa, na yametoa gramu 4, 6 na 1 kwa tani, wastani wa kawaida ni gramu 3.67. Lakini kama shimo la kwanza ndilo lililo karibu zaidi, ni haki kulipa uzito mkubwa, tuseme nusu, la pili likapewa sehemu 0.3 na la tatu 0.2, na hapo makadirio huwa 2 na 1.8 na 0.2, jumla gramu 4. Kazi ya mwanahisabati ni kutafuta uzito ulio bora kuliko mwingine wowote, kwa kuangalia jinsi ufanano wa sampuli unavyopungua kadiri zinavyotengana. Mchoro wa kupungua huko huitwa variogramu.

Mambo mawili katika hesabu hiyo yanastahili kuangaliwa kwa karibu. La kwanza ni kwamba mashimo mawili yaliyotobolewa karibu karibu hayahesabiwi kama mawili kamili. Ni kama mashahidi wawili walioishi nyumba moja na kusikia habari kwa mtu mmoja, ambao ushahidi wao unazidi kidogo tu ushahidi wa mmoja wao. La pili ni kwamba hata sampuli mbili zilizogusana zinaweza kutofautiana vikali, kwa sababu chenga moja ya dhahabu imeangukia upande huu na si ule. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Lwamgasa, anayetwanga kipande cha jiwe kwenye kinu na kuusuuza unga wake ndani ya karai ili aone mstari wa njano, analijua jambo hili bila kulipa jina: jiwe moja lililong'aa haliwi sababu ya kukodi karasha, ile mashine ya kusaga mawe, mpaka mawe mengine ya duara hilo hilo, yaani shimo la uchimbaji lilikotoka, yatoe ushahidi.

Anayepima naye anapimwa

Kanuni hizo zikirudishwa darasani, huonekana kwamba zinahusu kila ukurasa wa fomu ya mtathmini. Mwalimu tarajali aliyetembelewa mara mbili katika wiki moja, darasa lile lile na mada ile ile, hajapimwa mara mbili. Amepimwa mara moja na kidogo. Aliyeng'ara kupita wenzake siku ya ugeni, kwa kanuni ile ile aliyoiona Krige, ana uwezekano mkubwa wa kusogea kuelekea wastani siku inayofuata, na aliyetetemeka ana uwezekano wa kupanda. Aidha, takwimu hufundisha kwamba kwa vipimo visivyotegemeana, ukungu wa wastani hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipimo, kwa hiyo anayetaka kuupunguza kwa nusu hana budi kuongeza ziara mara nne, kutoka 2 hadi 8, jambo ambalo masurufu hayaruhusu wala kalenda haikubali. Kinachowezekana ni kuzichagua vizuri ziara chache zilizopo: madarasa tofauti, mada tofauti, asubuhi na mchana.

Mhadhiri mwenyewe yumo katika mizani hiyo hiyo. Kupanda kwake kutoka mhadhiri hadi mhadhiri mwandamizi kunategemea machapisho katika majarida yanayohakikiwa na wataalamu wenzake, na katika hisabati makala moja inaweza kukaa kwa wahakiki miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, kwa sababu mhakiki anatakiwa kuufuata uthibitisho hatua kwa hatua. Hivyo kazi ya miaka mitatu huweza kuonekana mbele ya kamati kama makala mbili, yaani mashimo mawili katika kilima kizima, huku saa za benchi la nyuma zikiwa hazijaacha alama yoyote kwenye karatasi.

Njia za kupata muda ulioshikana zimewahi kutafutwa kwa pamoja. Mpango wa Hisabati wa Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2002 kwa msaada wa Sweden, uliwakutanisha wanahisabati wa vyuo vya kanda hii katika masomo ya uzamivu na shule za muda mfupi, ambako mtu hupata wiki nzima ya kufikiri jambo moja. Kabla ya hapo safari ilikuwa ndefu zaidi: Verdiana Masanja, aliyezaliwa Bukoba mwaka 1954, kando ya Ziwa Victoria lile lile, alisoma Dar es Salaam kisha akaenda Berlin, ambako utafiti wake kuhusu mwendo wa vimiminika ulimfanya kuwa mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata uzamivu wa hisabati. Baadaye alitumia sehemu kubwa ya kazi yake kuhimiza wasichana wa Afrika wasome hisabati na sayansi, kazi ambayo, kama ile ya benchi la nyuma, haipimwi kwa idadi ya nadharia zilizothibitishwa.

Mwezi unapofika mwisho, mhadhiri hurejesha masurufu: tiketi, risiti za malazi na sahihi za wakuu wa shule hupangwa kwa tarehe, na mhasibu huzikagua hadi shilingi ya mwisho. Fedha ndicho kitu pekee katika mwezi mzima kilichohesabiwa chote bila kukadiriwa. Fomu za walimu tarajali hukabidhiwa ofisi nyingine, zikiwa na kisanduku kimoja cha alama na, chini yake, mistari michache ya maoni ambayo wengi huijaza kwa maneno kama vizuri au aongeze bidii. Mtathmini aliyejifunza kutoka kwenye kilima cha Geita anaweza kuitumia mistari hiyo kuandika kilicho cha kweli zaidi: kwamba vipindi vilivyoonekana ni viwili, vyote vya kidato cha pili, vyote vya jiometri, na kwamba madaftari matano yalifunguliwa.